Askari wa Kuchezea wa Kale: Bati, Risasi, Unga wa Mbao au Plastiki? Ulinganisho kwa Mkusanyaji wa Mombasa

Anayetaka kuanza kukusanya askari wa kuchezea wa kale huulizwa anapenda vita gani, au jeshi la nchi gani. Kwa mtu anayeishi Mombasa mimi huanza na swali jingine: askari hao watakaa chumba gani? Walitengenezwa Nuremberg, Paris, Dresden na London, na hapa kwetu watakutana na joto, chumvi ya bahari na unyevu usiokwisha. Wapo watakaostahimili miaka na miaka, na wapo watakaoharibika polepole ndani ya kabati huku mwenyewe akiamini amewatunza vizuri.

Ndiyo maana katika kulinganisha nimeitanguliza hewa. Baada yake nimetazama historia anayoibeba kila askari, jinsi ya kujua umri wake, gharama ya kumnunua pamoja na kumfikisha hapa, na mwisho usalama wa watoto nyumbani. Aina zote nne nimezipima kwa mambo hayo hayo matano.

Aina zenyewe

Wa kwanza ni askari bapa wa bati. Hawa walishamiri Nuremberg, Ujerumani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, na jina linalotajwa sana ni la fundi Johann Gottfried Hilpert. Fundi alichonga umbo la askari kwenye vipande viwili vya jiwe la sleti, akavibana pamoja, kisha akamimina bati lililochanganywa na risasi, yaani ile metali nzito na laini, si risasi ya bunduki. Anayetoka humo ni mwembamba kama sarafu, lakini uso, vifungo vya koti na manyoya ya kofia vyote huonekana. Mwaka 1848 Ernst Heinrichsen, wa mji huo huo, aliweka kipimo cha milimita 30, na mafundi wengine wakakifuata.

Wa pili ni askari wa risasi wenye umbo kamili. Wakongwe wao walijaa risasi tupu: Lucotte na Mignot wa Paris, na Heyde wa Dresden. Mwaka 1893 William Britain Mdogo wa London akaja na mbinu mpya. Alimimina risasi iliyochanganywa na antimoni kwenye kalibu, akasubiri kidogo tabaka la nje ligande, kisha akaigeuza kalibu na kuimwaga risasi iliyobaki katikati. Askari akatoka na uvungu ndani, mwepesi na wa bei nafuu, na soko la Wajerumani likatikisika. Kipimo chao cha kawaida ni milimita 54.

Wa tatu ni wa unga wa mbao. Unga huo ulikorogwa na gundi ya kazeini, udongo wa kaolini na mafuta ya kitani, ukashindiliwa kwenye kalibu kuzunguka mifupa ya waya. Majina makubwa hapa ni mawili, yote ya Ujerumani: Elastolin ya kampuni ya Hausser, na Lineol ya Brandenburg. Askari wao wa kawaida ana kimo cha sentimita 7 hivi.

Wa nne ni wa plastiki. Marekani ilikuwa nao tangu 1938, lakini waliotawala masoko ni wale wa baada ya vita vya pili vya dunia: Herald na Timpo wa Uingereza, Marx wa Marekani, na Airfix waliotoa vijisanduku vyao vya kwanza vya askari wadogo mwaka 1959.

Hewa ya pwani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo pesa za wakusanyaji wa Mombasa zinapopotelea.

Risasi haili kutu kama chuma, ila ina adui wake. Mbao, gundi, rangi mbichi na kadibodi hutoa mvuke wa asidi, ile ile iliyomo kwenye siki. Palipo na unyevu, mvuke huo huila risasi na kuigeuza unga mweupe. Mara nyingi huanzia chini, miguuni na kwenye kitako, au mahali rangi ilipobanduka. Ukigusa, unga unabaki kidoleni. Askari wa namna hiyo haponi. Unaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, lakini kilicholiwa kimeliwa, na unga wenyewe ni sumu, usiupulize.

Mbao mbaya kuliko zote kwa kazi hii ni mwaloni. Plaiwudi na mbao mpya za aina nyingine nazo si za kuaminiwa. Hata lile sanduku jekundu la Britains, kampuni ya huyo William Britain, linalopandisha thamani ya askari halifai kuwa kitanda chao cha kila siku, kwa kuwa ni kadibodi. Liweke kando, wao waweke kwenye kabati la kioo na aluminiamu, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya maduka ya simu. Tia vijifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo ukiweza. Vijifuko vibadilishe au uvikaushe mara kwa mara, hasa masika.

Wenye nyumba za Mji wa Kale watatamani kuwapanga kwenye zidaka. Naelewa kwa nini: kidaka kilichongwa kionyeshe kitu cha thamani, na kikosi cha askari wekundu humo kingependeza mno. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa taratibu ndani ya chumba. Sahani za kauri zilizokaa humo karne nyingi haziumii. Risasi itaumia.

Askari bapa wana afadhali, kwa sababu risasi yao imechanganywa na bati, japo nao hawapendi mwaloni wala kadibodi. Wakusanyaji wa Ulaya huogopa pia kile kinachoitwa ugonjwa wa bati: bati safi likikaa chini ya nyuzi 13 za Selsiasi linaweza kugeuka unga wa kijivu. Huo tuuache huko huko, Mombasa haijui baridi hiyo.

Wa unga wa mbao ndio wanaotaabika kuliko wote. Unga hufyonza unyevu na kuvimba, waya wa ndani hushika kutu, na kutu inapotanuka hupasua mwili. Mchukue mmoja umtazame vifundo vya miguu chini ya taa. Utaona ufa mwembamba umezunguka, na ndani ya ufa rangi ya kahawia ya kutu. Huyo ameshaanza. Na usidhani eisi ni dawa: chumba kinachopoozwa usiku na kuachwa kipate joto mchana humvimbisha na kumsinyaza askari kila siku, na nyufa huongezeka. Afadhali unyevu usiobadilika kuliko unaopanda na kushuka.

Plastiki haijali unyevu wala chumvi. Adui wake ni jua na joto kali. Plastiki ya zamani iliyokaa dirishani hukauka na kuwa kama bisi, ukiishika singe ya bunduki inakatika mkononi. Rangi nayo hubanduka kwa maganda. Kabati lisilopigwa na jua linatosha.

Historia anayoibeba

Kama unachotaka ni upana wa historia, hakuna anayemfikia askari bapa. Kwa kuwa kuchonga kalibu ya jiwe hakukuhitaji kiwanda, mafundi walichonga kila kitu: Warumi, Wamisri wa kale, vita vya Napoleon, masoko, mawindo, misafara. Ni kitabu cha historia cha Ulaya na jinsi Ulaya ilivyoiona dunia. Kwa msomaji wa pwani, hata hivyo, wengi wa watu hawa ni wageni wa mbali.

Askari wa risasi wa Britains wanatugusa moja kwa moja, na si kwa utamu mtupu. Hizo ni zama za ukoloni zilizopakiwa masandukuni: Wazulu wakikimbia na rungu, Makaburu wa vita vya 1899 hadi 1902, kikosi cha ngamia cha Misri, na katika seti namba 225, askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika. Mshike mmoja wa Keya mkononi: tarbushi nyekundu, sare ya kaki, bunduki begani, uso wa kahawia uliopakwa kwa mara moja. Mtoto wa London aliyemchezea hakujua kwamba Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi kadhaa, kimojawapo kile cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa 1895 na kuwa na makao yake hapa Mombasa. Sisi tunajua, au tunaweza kujua kwa kuuliza nyumbani. Wazee wetu wengine walipelekwa Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944 wakiwa na beji hiyo.

Kwa mkusanyaji wa hapa hilo ndilo jambo zito kuliko yote. Askari huyo wa milimita 54 anaweza kutembezwa mji mzima na akapata ndugu zake. Barabara ya Jomo Kenyatta ipo sanamu ya ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya kwanza. Fort Jesus kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani ya Königsberg, uliotolewa melini na kuburutwa nchi kavu kupigania Tanganyika, na mwingine wa HMS Pegasus, meli ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg hiyo hiyo bandarini Unguja Septemba 1914. Mkusanyo uliojengwa juu ya vita hivyo una maana Mombasa ambayo hauwezi kuwa nayo mahali pengine. Jambo moja tu ulikumbuke unapowapanga: sandukuni wapagazi hawamo. Waliobeba silaha na vyakula, wakafa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, hawakuonekana kuwa mchezo wa kuuza. Mkusanyaji mwaminifu hulisema hilo kwa wageni wake.

Wale wa zamani zaidi, waliojaa risasi, wana hadithi zao pia. Winston Churchill, aliyeteremka Mombasa mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, ameandika kwamba utotoni alikuwa na askari karibu 1,500. Alizaliwa 1874, kwa hiyo jeshi lake lilitangulia uvungu wa Britain kwa miaka mingi. Nalo jina la Heyde lilifikia mwisho mchungu: mji wa Dresden ulipopigwa mabomu Februari 1945, kiwanda kiliteketea.

Askari wa unga wa mbao wana historia inayohitaji moyo. Wengi na wazuri wao ni wa miaka ya 1930, na Hausser na Lineol walitengeneza jeshi la Hitler kwa ukamilifu wote, pamoja na Hitler mwenyewe mwenye mkono unaoinuka kwa saluti. Ni ushahidi wa jinsi watoto walivyoandaliwa kwa vita, na kwa sababu hiyo wana thamani ya kihistoria isiyo na shaka. Lakini fikiria mgeni anayeingia sebuleni kwako na kukuta safu hiyo kabla hujamweleza kitu. Zipo pia seti zao zisizo na doa hilo, wanyama wa porini na wanyama wa shambani, na ni kazi nzuri sana.

Plastiki inasimulia baada ya 1945: vita vya pili kama vilivyoonekana na watoto wa washindi, makauboi, mashujaa wa farasi. Wengi tuliokua na vijiaskari vya kijani vya sikukuu tunaifahamu lugha yao bila kufundishwa.

Kujua umri wake

Plastiki ndiyo nyepesi. Geuza, soma kitakoni. Neno England au Hong Kong litakuambia mengi, kwa sababu Herald walihamia Hong Kong katikati ya miaka ya 1960. Askari wa plastiki wa Britains walio na kitako cha metali, wanaoitwa Deetail, ni wa kuanzia 1971.

Britains wa risasi wanasomeka kwa mwenye subira. Tangu mwanzo wa karne ya 20 walibandikwa karatasi au kuchongwa tarehe chini ya kitako au tumboni mwa farasi. Hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia: tarehe hiyo ni ya kusajiliwa kwa umbo. Askari mwenye 1901 anaweza kuwa amemiminwa miaka mingi baadaye. Kitako ni shahidi bora zaidi, kwani vya mviringo viliachwa kuanzia 1907 hivi na vya pembe nne vikachukua nafasi. Uzalishaji wa risasi ulikoma 1966. Nakala mpya mara nyingi hujaa metali tupu, bila uvungu, hivyo pima uzito na utafute kitundu kinachoingia kwenye uvungu. Rangi inayong'aa kupita kiasi kwa mzee wa miaka 100 iulizie maswali.

Elastolin na Lineol huwa na jina lililokandamizwa kitakoni, ila nyufa zilizozibwa na kupakwa rangi upya hufichika vizuri, na picha za muuzaji hazitakuonyesha. Omba picha ya miguu kwa karibu.

Bapa ni kitendawili. Kalibu za mawe hudumu, na nyingine za zamani sana bado zinatumika, kwa hiyo askari aliyemiminwa juzi anaweza kufanana kabisa na wa mwaka 1880. Tena wengi waliuzwa bila rangi, mnunuzi akajipakia. Ukinunua bapa, nunua uzuri wa uchongaji na wa rangi. Ukilipia umri, dai ushahidi.

Pesa na safari ya kifurushi

Hapa nyumbani vya kununua ni vichache. Plastiki hujitokeza kwenye vitu vya mitumba, Kongowea na kwingineko, na maduka ya vitu vya kale ya Mji wa Kale yanastahili kutazamwa kila upitapo. Vingine vyote vitatoka minada ya ng'ambo kwa mtandao, na hapo uzito ni pesa. Bapa ni wepesi, kikosi kizima kinaingia kwenye bahasha nene, na bei yao ni ya wastani. Risasi ni nzito na dhaifu shingoni na mikononi. Seti kamili katika sanduku lake, askari wa miguu 8 au wapanda farasi 5, hupanda bei mbali na hao hao wakiuzwa mmoja mmoja. Kwa anayeanza, hao mmoja mmoja wenye rangi iliyochakaa ndiyo njia ya busara. Unga wa mbao hupasuka njiani usipofungwa vyema, na bei za walio wazima ni za juu. Plastiki ni rahisi kwa kila hali, isipokuwa seti adimu zikiwa na masanduku yake.

Forodhani, vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 vina fungu lake, namba 9706. Mwambie muuzaji aandike mwaka na maelezo kamili kwenye ankara, na umuulize wakala wa forodha kabla hujalipia, si baada ya kifurushi kufika.

Watoto nyumbani

Katika hili sina ulegevu. Mombasa tunaijua sumu ya risasi. Watu wa Owino Uhuru walivuta na kunywa sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, wakapigana mahakamani hadi wakatunukiwa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Phyllis Omido aliyeongoza mapambano hayo akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Askari wachache kabatini si kiwanda, lakini mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na rangi za kale nazo zilikuwa na risasi. Wa risasi wafungiwe kwa ufunguo, na unawe mikono kila ukiwagusa. Bapa vivyo hivyo, kwa sababu risasi imo. Wa unga wa mbao tatizo lao ni rangi na waya uliochomoza. Plastiki ndiyo pekee ninayoweza kumwachia mtoto mkubwa ashike, na hata hiyo iwe ile isiyokatika.

Uchague ipi, kwa hali yako

Unaishi Mji wa Kale au karibu na maji, nyumba haina eisi, na bajeti ni ndogo: plastiki itakupa furaha bila presha, na askari bapa watakufaa ukipenda kazi ya mkono, maana wanaingia kwenye fremu ndogo ya kioo ukutani. Chagua ukuta mkavu wa ndani, na fremu ya chuma.

Una kabati la kioo, watoto wamekua au hawafiki, na kinachokuvuta ni Keya na vita vya 1914: anza na Britains wa mmoja mmoja, na usiwapake rangi upya hata wakichakaa kiasi gani. Kila brashi mpya hupunguza bei na hufuta ushahidi.

Wewe ni mwalimu na unataka kuonyesha darasani: plastiki ya kushikwa, na bapa wachache wa kutazamwa nyuma ya kioo.

Moyo wako uko kwenye Elastolin na Lineol: inawezekana, mradi una chumba chenye unyevu usiobadilika mchana na usiku. Kama huna, nunua mmoja, mkae pamoja masika moja, umkague miguu kabla ya kununua wa pili.

Na kama hujanunua kitu ila umerithi sanduku lililokuja na babu au tajiri wake wa zamani, usioshe, usipolishi, usigundishe. Piga picha kila mmoja juu na chini, watenge wenye unga mweupe na wengine, na uvae glavu. Muulize mkubwa aliye hai nani aliwaleta, mwaka gani, kwa meli ipi ikiwezekana, uandike yote. Karatasi hiyo isikae ndani ya kabati pamoja nao, kwa sababu karatasi nayo hutoa asidi.